Jiwe la Salfaidi ni Betri: Vijidudu Wapenda Moto Wanafanya Nini Hasa Kwenye Makinikia?

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp mtu alirusha klipu ya dakika mbili inayosema kuna bakteria "wanaokula mawe na kutema dhahabu", na ndani ya nusu saa grupu zima likawa limechafuka. Mmoja anauliza wanauzwa wapi, mwingine anasema huo ni uchawi wa wazungu, wa tatu akafufua stori ya makinikia ya 2017 (ule unaoitwa mchanga wa dhahabu), eti tungekuwa na hao wadudu tusingehangaika na zile kontena 277 zilizozuiwa bandarini Dar. Nikaanza kujibu, jibu likazidi kurefuka, nikaona bora niandike vizuri huku, maana hii mada naipenda kweli na inaniuma kuona watu wanaichanganya wakati ukweli wenyewe ni mtamu kuliko ile klipu.

Nianze na jibu fupi. Hakuna kijidudu anayekula dhahabu, na hakuna anayetafuna jiwe. Kinacholiyeyusha jiwe ni umeme, umeme mdogo mdogo unaotoka kwenye jiwe lenyewe, na kazi ya kijidudu ni kuhakikisha huo umeme haukatiki. Joto nalo ndo linaamua kama kazi itafika mwisho au itakwamia njiani. Hayo mambo matatu, jiwe, kijidudu na joto, ukiyaelewa moja moja yatajiunga yenyewe.

Kwanza maneno

Salfaidi ni familia ya madini ambayo chuma, shaba, zinki, risasi au nikeli imefungana na salfa, ile ile ya njano ambayo wazee wanaiita kiberiti. Mwanafamilia maarufu kuliko wote ni pairaiti, ambayo ni chuma na salfa tu, inang'aa njano na imeshawaliza watu wengi waliodhani wameokota dhahabu (ukiigonga na nyundo inavunjika unga mweusi mweusi, dhahabu halisi inabonyea na kuwa bapa). Ndugu yake anaitwa kalkopairaiti, huyu ana shaba ndani, karibu asilimia 34.6 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya shaba iliyopo ardhini duniani imefungwa humo. Wengine ni galena ya risasi, sfalaraiti ya zinki, na asenopairaiti ambayo ina aseniki, ile sumu.

Oksaidi, kwa lugha ya migodini, ni kundi jingine, humo metali imefungana na oksijeni badala ya salfa. Ile malakaiti ya kijani ya Katanga, Kongo, iko upande huo, na jiwe la namna hiyo ukilimwagia asidi ya salfuriki linayeyuka bila ubishi, shaba inahamia kwenye maji, unaitoa kwa umeme, mchezo umeisha. Kalkopairaiti ukiifanyia hivyo hivyo itakaa tu inakutazama. Hapa ndo watu wengi wanapokosea, wanaona shaba ya Kolwezi, huko huko Katanga, inatolewa kwa asidi wanadhani kila jiwe la shaba ni hivyo.

Makinikia sasa. Mwaka 2017, baada ya Rais Magufuli kuzuia usafirishaji na kamati mbili kuundwa, ya Profesa Mruma na ya Profesa Osoro, hili neno liliingia kila kijiwe cha kahawa, ila wengi walibaki wanajua ni "mchanga wa dhahabu" basi. Mchanga wa kawaida sio kabisa. Ni jiwe lililosagwa unga, likawekwa kwenye matangi yenye maji, dawa na mapovu, salfaidi zikapanda juu na povu zikakombwa, mawe yasiyo na maana yakazama. Kinachobaki ukikausha ni unga uliojaa kalkopairaiti na pairaiti, na dhahabu na fedha humo humo ndani. Kwa hiyo ukisikia makinikia, sikia salfaidi iliyokusanywa. Kuipata shaba na dhahabu yake njia ya kawaida ni tanuru, zaidi ya nyuzi 1,200 za Selsiasi, kiwanda cha pesa ndefu kinachotaka kulishwa mzigo mkubwa kila siku bila kupumzika. Njia nyingine ni ya maji, na ndani ya hiyo njia ya maji ndo wanaingia hawa vijidudu.

Jiwe linapitisha umeme

Hiki kipande ndo nakipenda kuliko vyote. Tumezoea kwamba jiwe halipitishi umeme, na kwa mawe mengi ni kweli, ila salfaidi nyingi ni semikondakta, familia moja ya tabia na zile chipu za kwenye simu. Jagadish Chandra Bose, mwanasayansi wa India, alipata hataza Marekani mwaka 1904 ya kifaa cha kunasia mawimbi kilichotumia kipande cha galena, na redio za mwanzo zilizokuwa hazina betri wala valvu zilifanya kazi kwa kugusisha waya mwembamba kwenye jiwe la galena. Yaani kabla ya transista kulikuwa na jiwe.

Sasa kitu kinachopitisha umeme ukikitumbukiza kwenye maji ya asidi au ya chumvi kinakuwa na tabia ya betri. Unakumbuka lile jaribio la limau shuleni, unachomeka msumari wa zinki upande huu na kipande cha shaba upande ule, unapata umeme kidogo? Zinki inaliwa, shaba inabaki. Mabati yetu yanatumia kanuni hiyo hiyo, yamepakwa zinki ili mvua ikija iliwe zinki kwanza, chuma cha chini kibaki salama, na mafundi wa meli wanafunga vipande vya zinki kwenye bodi ya chuma chini ya maji kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye kila jozi ya metali zinazogusana kuna mnyonge anayeliwa na kuna mbabe anayekingwa.

Salfaidi nazo zina unyonge na ubabe. Ukizipima kwenye maji ya asidi, pairaiti inakaa juu kabisa, karibu volti 0.66, kalkopairaiti inafuata kwenye 0.56 hivi, sfalaraiti 0.46, galena karibu 0.40. Namba zinacheza kutegemea maji yenyewe ila mpangilio haubadiliki sana. Maana yake punje ya kalkopairaiti ikigusana na punje ya pairaiti, kalkopairaiti ndo inakuwa zinki ya kwenye bati, inaliwa haraka, na pairaiti inapona. Na kwenye makinikia hizi mbili zimejaa pamoja, unga juu ya unga, kwa hiyo kila tangi lina mabilioni ya betri ndogo ndogo zinazofanya kazi kwa wakati mmoja bila mtu kuzifunga waya. Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada walitengeneza njia nzima kwa wazo hili, inaitwa Galvanox, wanaongeza pairaiti makusudi kwenye tangi la nyuzi kama 80 ili kalkopairaiti iyeyuke, na humo hamna kijidudu hata mmoja. Nimeitaja ili ieleweke kwamba umeme unatangulia, kijidudu anakuja baadaye kusaidia.

Bodaboda wa elektroni

Jiwe linayeyukaje basi? Kalkopairaiti ikiachia elektroni zake inashindwa kushikana, shaba na chuma vinatoka vinaingia kwenye maji, salfa inabaki juu ya jiwe. Elektroni ni zile chembe ndogo zinazofanya umeme uitwe umeme. Kwa kila kipimo kimoja cha kalkopairaiti zinatakiwa kutoka elektroni nne. Tatizo ni nani wa kuzibeba, maana haziwezi kutembea peke yake ndani ya maji.

Anayezibeba ni chuma kilichoyeyuka humo humo kwenye maji. Chuma kina sura mbili, ferasi na feriki. Wafikirie kama bodaboda. Feriki ni bodaboda tupu, anafika kwenye jiwe, anapakia elektroni moja, akishapakia anakuwa ferasi, bodaboda mwenye abiria. Wanne wakipakia, kipimo kimoja cha jiwe kimekwisha. Sasa hao wanne wameondoka na abiria, wanatakiwa wakashushe mahali, na mwisho wa safari ni oksijeni. Molekuli moja ya oksijeni inapokea abiria wanne, inachukua na asidi kidogo, inageuka maji. Hesabu inafunga vizuri mpaka inafurahisha, jiwe moja, bodaboda wanne, oksijeni moja.

Shida ni kwamba kwenye maji ya asidi kali ferasi na oksijeni wanapishana tu, kushushana abiria kunachukua muda mrefu ajabu. Bodaboda wote wanajaa, hakuna tupu, jiwe linasimama kuyeyuka. Hapo ndo kijidudu anapopata ugali wake. Ana protini kwenye ngozi yake ambazo zinapokea elektroni kutoka kwa ferasi na kuipeleka kwa oksijeni, na katikati ya hiyo safari anakata nauli kidogo, ndiyo nguvu ya kuishi. Nauli ni ndogo mno kwa kila abiria kwa hiyo inabidi ashushe abiria wengi kupita kiasi ili tu aweze kujigawa wawe wawili, na hiyo njaa yake ndo faida yetu. Watafiti Singer na Stumm walionyesha mwaka 1970 kwamba vijidudu wanaharakisha hatua hii kwa kiasi cha mara milioni moja. Wengi wao hata sukari hawahitaji, wanajenga mwili kwa kaboni dayoksaidi ya hewani, chakula chao ni chuma, salfa na hewa tu.

Kwa hiyo ukisema "bakteria anakula jiwe" umekaribia ila umeruka hatua. Anayelishambulia jiwe ni feriki. Kijidudu anawarudisha feriki kazini. Wapo wanaojigandisha kabisa juu ya jiwe kwa ute, na ndani ya ule ute wanakusanya feriki nyingi kuliko za kwenye maji, kwa hiyo shambulio linakuwa karibu zaidi, lakini mshambuliaji bado ni yule yule.

Ukichukua mita ya volti ukachomeka kwenye maji ya tangi utasoma namba inayokuambia bodaboda tupu ni wangapi ukilinganisha na waliopakia. Wakilingana, kwenye asidi ya salfuriki, utasoma karibu volti 0.7. Tupu wakiwa mara kumi ya waliojaa, namba inapanda kwa milivolti 59 kama maji yako nyuzi 25, na milivolti 68 kama yako nyuzi 70. Huo ndo msukumo wa umeme wa maji, na mtu anayeendesha tangi la vijidudu anaiangalia hiyo namba kama dereva wa basi anavyoangalia geji ya joto la injini.

Sasa kwa nini moto?

Kijidudu aliyetangulia kujulikana kwa kazi hii alitolewa mwaka 1947 kwenye maji ya asidi ya migodi ya makaa ya mawe Marekani, leo anaitwa Acidithiobacillus ferrooxidans, anapenda nyuzi 30 hivi, joto la Dar mchana. Anafanya vizuri kwenye pairaiti. Ila mpe kalkopairaiti, atafanya kazi wiki kadhaa halafu inapungua, inapungua, inasimama, na mara nyingi hata nusu ya shaba haijatoka.

Kinachosimamisha ni ukoko. Unajua wali ukiganda chini ya sufuria, moto unawaka vizuri lakini maji hayapiti? Jiwe likiachia shaba na chuma, salfa inabaki juu na kutengeneza utando, na chuma kikizidi kwenye maji kinaganda kuwa jarosaiti, unga wa njano unaopaka kila kitu. Elektroni hazipiti tena vizuri, bodaboda wamejaa kituoni wako tupu lakini abiria amejifungia ndani. Wataalamu mpaka leo wanabishana huo utando wa kwanza umeundwa na nini hasa, wengine wanasema salfa, wengine wanasema ni tabaka la jiwe lenyewe lililopungukiwa chuma, na mimi naona inawezekana vyote vipo kwa zamu kutegemea hatua uliyofika.

Halafu kuna jambo linaloshangaza. Ungedhani msukumo ukiwa mkubwa jiwe litayeyuka haraka, lakini kwa kalkopairaiti kuna kiwango, ukikivuka utando unakomaa na kasi inashuka. Kwa hiyo kijidudu mchapakazi sana wa chuma anaweza kuharibu kazi kwa bidii yake mwenyewe, anawarudisha feriki wengi mpaka msukumo unapita pale panapotakiwa. Ndiyo maana kuchanganya na wale wanaopenda salfa kuliko chuma, kama Acidithiobacillus caldus wa nyuzi 45, mara nyingi kunasaidia, huyu anakula ule utando wa salfa na kuugeuza asidi na hapandishi msukumo.

Na hapo ndo joto linaingia na kubadilisha mchezo wote. Kwanza kemia yenyewe, wakemia wana kanuni yao ya haraka haraka kwamba kila ukiongeza nyuzi kumi kasi inakaribia mara mbili, kutoka 35 kwenda 75 unazidisha kwa mbili kurudia mara nne, yaani kasi mara kumi na sita, na kalkopairaiti inaitikia joto kuliko mawe mengi. Pili utando kwenye joto haushikani vizuri, vitu vinapenya. Tatu kule juu kuna vijidudu wengine kabisa ambao wanakula salfa na chuma kwa pamoja, kwenye asidi, kwenye maji ya moto ambayo ungekuwa ni chai usingeinywa bila kupuliza.

Hawa wa nyuzi 65 mpaka 80 sio bakteria. Wanaitwa arkea, tawi la uhai ambalo mwanasayansi Carl Woese alilitenga mwaka 1977 baada ya kugundua kwamba kwa ndani wako mbali na bakteria kama sisi tulivyo mbali nao. Thomas Brock aliwakuta kwenye chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaandika kuhusu Sulfolobus, anayeishi vizuri kwenye nyuzi 75 hivi na asidi ya pH 2 mpaka 3 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi kuwa kali). (Yellowstone hiyo hiyo Brock alimpata Thermus aquaticus, na kimeng'enya chake ndo kilifanya kipimo cha PCR kiwe rahisi, kile kile tulichochomekewa pamba puani wakati wa Korona, kwa hiyo wapenda moto wameshatusaidia wengi wetu bila kujua.) Mwingine ni Metallosphaera sedula kutoka eneo la volkano karibu na Naples, Italia, na hilo "sedula" kwa Kilatini ni mchapakazi, jina limemkaa.

Kuna mtu aliniuliza kama tunaweza kuwachota pale Bogoria, Kenya, ambapo watalii wanachemsha mayai kwenye chemchemi. Hapana. Bogoria ni moto kweli lakini maji yake ni ya magadi, upande wa pili kabisa wa asidi. Vijidudu wa pale wanapenda moto na magadi, ukiwaweka kwenye tangi la pH 1.5 wanakufa papo hapo.

Maabara wanajuaje haya yote? Wanachukua kipande cha kalkopairaiti, wanakizungushia plastiki ngumu waache uso mmoja tu, wanaunganisha waya nyuma, jiwe linakuwa elektrodi. Wanalitumbukiza kwenye asidi ya moto, upande mmoja na vijidudu, mwingine bila, halafu wanasoma volti inayotulia, wanapandisha na kushusha volti taratibu kuangalia mkondo, wanapitisha umeme wa kwenda na kurudi kupima upinzani wa uso. Panapokuwa na wapenda moto volti ya jiwe inapanda ikifuata msukumo wa maji, mkondo wa kuyeyuka unaongezeka, na upinzani wa uso unashuka kwa sababu utando wa salfa unaliwa. Ukiacha pH ipande au chuma kizidi, jarosaiti inakuja na upinzani unarudi juu tena. Grafu zile ukishazizoea ni kama kusikiliza mapigo ya moyo ya jiwe.

Je, inafanya kazi nje ya maabara?

Inafanya, ila kila mahali kwa namna yake, na hapa ndo nataka ndugu zangu wa grupu wasome taratibu.

Kwenye dhahabu hii teknolojia ni ya zamani kiasi. Mgodi wa Fairview pale Barberton, Afrika Kusini, una vijidudu tangu 1986 kwa njia inayoitwa BIOX, na Ghana pale Obuasi wakajenga kubwa mwaka 1994. Dhahabu yao ilikuwa imejificha ndani ya pairaiti na asenopairaiti, sayanaidi, ile dawa ya kuyeyushia dhahabu, haiifikii, unaosha unaosha unapata chini ya nusu. Vijidudu wakifungua hilo jiwe, sayanaidi inaingia na mara nyingi unapata zaidi ya asilimia 90. Dhahabu yenyewe hawajaigusa, wamevunja kasha tu. Wale ni wa nyuzi 40 mpaka 45, na pairaiti ikioksidika inatoa joto jingi kiasi kwamba mojawapo ya gharama kubwa za kiwanda ni kupoza matangi yasiwaue. Wapenda moto wangepunguza huo mzigo wa kupoza, hiyo ni faida ambayo watu wanaisahau.

Afrika Mashariki tunayo stori yetu na nashangaa haisimuliwi. Kilembe, Uganda, chini ya Rwenzori, walichimba shaba kwa miaka mingi na pairaiti yenye kobalti ikarundikwa Kasese kwenye hewa na mvua. Lile rundo likaanza kujiyeyusha lenyewe, betri zile zile, vijidudu wale wale wa asili, maji ya asidi yenye metali yakateremka ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George na kuua majani kwenye njia yake yote. Mwaka 1999 kiwanda cha Kasese Cobalt kikaanza kulilisha lile rundo kwa vijidudu kwenye matangi, nyuzi kama 42, kwa njia iliyotengenezwa na Wafaransa wa BRGM, wakatoa kobalti iliyokuwa zaidi kidogo ya asilimia moja ya lile rundo. Kitu kile kile kilichokuwa kinaua bonde nje, ndani ya tangi kikawa kazi. Mimi hiyo naiona moja ya kazi nzuri kabisa za uhandisi zilizofanyika ukanda wetu.

Kwa wapenda moto wenyewe, jaribio kubwa lilikuwa Chile, Chuquicamata, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kampuni za madini BHP Billiton na Codelco walijenga kiwanda cha mfano cha karibu tani 20,000 za shaba kwa mwaka, matangi ya nyuzi karibu 80, arkea ndani. Shaba ilitoka, kitaalamu ilifanya kazi, ila haikuendelea kuwa kiwanda cha kudumu. Ukiangalia changamoto za joto lile utaelewa. Soda ikipata moto gesi inakimbia, na oksijeni ni hivyo hivyo, maji ya nyuzi 80 yanashika chini ya nusu ya oksijeni ya maji ya kawaida, wakati bodaboda wote wanataka kushusha kwake, kwa hiyo inabidi ununue oksijeni safi. Arkea nao hawana ule ukuta mgumu wa bakteria, ukikoroga tangi kwa nguvu au ukijaza unga mwingi wanapasuka, kwa hiyo unaweka unga kidogo kwa tangi kubwa. Na asidi ya moto yenye feriki inakula chuma cha kawaida, matangi yanataka metali za bei mbaya au yatandikwe ndani.

Kwenye marundo ya mawe ni rahisi kidogo maana rundo linajipasha lenyewe. Kampuni ya dhahabu ya Newmont walifanya hivyo Carlin, Nevada, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, waliweka vijidudu wa madaraja yote, wa baridi wakaanza, rundo likapata joto wakapumzika, wapenda moto wakapokea kijiti.

Kwa hiyo mtu akisema 2017 tungemaliza makinikia kwa bakteria, jibu langu ni kwamba kisayansi mlango upo wazi kabisa lakini hakuna nchi iliyokuwa inalisha makinikia yake yote ya shaba kwa arkea wakati huo.

Na wale walioogopa kwamba hawa wadudu watatoroka watuambukize, pumzikeni. Kiumbe anayeishi kwenye asidi na nyuzi 75 mwilini mwako ataona baridi na njaa, na mpaka sasa hakuna arkea aliyethibitishwa kuwaletea watu ugonjwa. Hatari iko kwenye maji yenyewe. Jiwe la asenopairaiti likiyeyuka aseniki inaingia kwenye maji na lazima igandishwe kwa chuma na chokaa. Na yeyote mwenye plant ya sayanaidi ashike hili: mzigo uliotoka kwenye vijidudu ni asidi, ukiumwagia sayanaidi kabla hujaurudisha kwa chokaa mpaka pH ya 10 na zaidi inatoka gesi inayoua mtu amesimama. Narudia, amesimama.

Sasa yule ndugu aliyeuliza wanauzwa wapi. Kama una rundo la marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa) lenye pairaiti nyuma ya karasha lako, mashine ya kusagia mawe, na limenyeshewa misimu miwili mitatu, wale wa joto la kawaida unao tayari, walikuja wenyewe. Nenda chini ya rundo baada ya mvua. Ukikuta maji ya rangi ya chai ya rangi au njano ya kutu, na karatasi ya pH inasoma 3 au chini yake, hiyo ni sahihi yao, betri zako zinafanya kazi usiku na mchana bila mtu wa kuzisimamia. Chimba mtaro uyazuie yasiingie mtoni, weka chokaa, na mbuzi wasinywe hapo.